Jitu na Hatia Yake

   

Wasikilizaji wapenzi wa Singida, jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya hatia. Nataka tuulizane: mtu aliyetenda jinai kubwa, jinai ya kumwaga damu ya watu wasio na kosa, aweza kutoka katika hatia yake? Na kama aweza, hutoka kwa njia gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumfungulia? Hilo ndilo swali letu, nami nitalirudia mara kwa mara ili aliyechelewa kuwasha redio asiachwe nyuma. Lakini sitaliingia swali hilo kwa mlango wa msikiti, wala wa kanisa, wala wa mahakama, maana milango hiyo ina wenyewe waijuao kuliko mimi. Nitaingia kwa mlango wa hadithi, na hadithi yenyewe ni ya picha za Kijapani, zile ambazo vijana wetu huziita anime.

Nawaomba wazee wangu wasiondoke. Najua kwamba mzee amwonapo mjukuu wake ameinamia simu hata usiku wa manane, na mbele yake zinapita katuni za watu wenye macho makubwa wanaokatana kwa panga, hudhani kuwa huo ni upuuzi wa kupitisha wakati. Mimi nimewasikiliza vijana hawa wakibishana, kwenye mabanda ya video na kwenye vijiwe vya bodaboda, na niliyoyasikia hayakuwa upuuzi. Niliwasikia wakishindana kwa hoja juu ya nani ana hatia, nani ameonewa, na nani amekwisha kulipa deni lake, tena kwa ukali na kwa utaratibu ambao ungelifaa katika baraza la watu wazima. Hoja hizo wao huziita nadharia. Kila mmoja ana nadharia yake, na kila mmoja huitetea kwa ushahidi aliouokota katika hadithi yenyewe: neno lililosemwa mwanzoni likaja kueleweka mwishoni, uso uliogeuka, chozi lililodondoka mahali pasipotarajiwa.

Hadithi wanayoibishania zaidi ni ile ya Hajime Isayama, mzaliwa wa mkoa wa Oita katika Japani, aliyeanza kuichapisha kwa michoro mwaka 2009 angali kijana wa miaka 23, akaikamilisha mwezi wa Aprili mwaka 2021. Nayo katuni yake ilianza kuonyeshwa mwaka 2013, isifike tamati mpaka Novemba 2023. Wajapani huiita Shingeki no Kyojin, na ulimwengu umeijua kwa jina la Attack on Titan. Kwetu imefika kwa bando na kwa flashi, kipande baada ya kipande, kutoka mkono hata mkono. Kwa faida ya asiyeijua nitaisimulia kwa muhtasari. Anayeijua namwomba subira. Na ambaye bado hajaifikisha mwisho namtaka radhi, maana sina budi kugusa khatima yake.

Wako watu wanaoishi ndani ya kuta tatu ndefu, wakiamini kwamba wao ndio mabaki ya wanadamu wote, na kwamba nje ya kuta hizo hamna kitu ila majitu yanayokula watu. Siku moja, katika mwaka 845 wa hesabu ya hadithi hiyo, jitu refu kuliko ukuta wenyewe likavunja lango la nje, na jitu jingine, lenye mwili mgumu kama deraya, likavunja lango la ndani. Majitu yakamiminika mjini. Mtoto mmoja, jina lake Eren, akamwona mama yake, aliyebanwa chini ya kifusi cha nyumba yao, akichukuliwa na kuliwa. Na kwa uchungu wa siku ile akaapa kuyaangamiza majitu yote, lisisalie hata moja.

Anayeishia hapo atasema kwamba hii ni hadithi ya watu wema na wanyama waovu, basi. Lakini Isayama hakuishia hapo. Miaka inakwenda, pazia linafunuliwa, na mtazamaji anajulishwa mambo mawili yanayompindua moyo. La kwanza, majitu hayo yote asili yake ni watu: dola ya Marley, iliyoko ng'ambo ya bahari, ndiyo iliyowachoma sindano watu wa ukoo uitwao Eldia, ikawaondolea akili na sura ya kibinadamu, ikawaachilia katika kisiwa chenye kuta zile wawale ndugu zao. La pili, yale majitu mawili yaliyovunja malango yalikuwa na watoto ndani yake, watoto wa Eldia hao hao, waliolelewa na Marley katika kitongoji cha kufungiwa kiitwacho Liberio, wakavishwa vitambaa mikononi vya kuwatambulisha kuwa ni watu wa damu chafu, wakafundishwa kwamba wokovu wao na wa jamaa zao umo katika kuwaua watu wa kisiwani. Na aliyekuwa ndani ya jitu la deraya jina lake Reiner.

Lishikeni jina hilo, wasikilizaji wangu: Reiner. Kwa maana baada ya kulivunja lango, huyu Reiner alijitia miongoni mwa wakimbizi, akaingia jeshini pamoja na Eren, akala nao, akalala nao, akawa kama kaka yao mkubwa, wakampenda naye akawapenda. Na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa sababu ya msiba wao. Na hapo ndipo nadharia za vijana zinapoanza.

Nadharia ya kwanza inasema kwamba Reiner hana hatia kamili kwa kuwa aligawanyika. Hadithi yenyewe yaonyesha ya kuwa moyo wake, kwa kushindwa kuubeba mzigo, ulijigawa nafsi mbili: nafsi ya askari mwema anayewalinda rafiki zake wa kisiwani, na nafsi ya mpiganaji aliyetumwa kuwaangamiza, na wakati mwingine nafsi ya kwanza haikuwa na habari za ile ya pili. Vijana huleta ushahidi mzito. Kulikuwa na mwenzao mmoja, Marco, kijana mpole, aliyeyasikia mazungumzo ya siri ya Reiner na wenzake. Reiner akamkaba, akaamrisha anyang'anywe vyombo vyake vya kujiokolea, wakamwacha mikononi mwa jitu. Na Marco alipokuwa akiliwa, Reiner alisimama pale pale, machozi yakimtiririka, akauliza ni kwa nini Marco analiwa.

Nimelifikiri sana tukio hilo, na kila nikilifikiri naona kwamba ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa ujuzi kuliko zote katika hadithi hii. Je, mtu anayelia juu ya maiti aliyoiua mwenyewe, asijue kwamba ndiye aliyeiua, ni mwongo? Ni mgonjwa? Ama ni mtu ambaye dhamiri yake imekataa kufa ingawa yeye mwenyewe alitaka kuiua? Wako vijana wasemao: ni mgonjwa, na mgonjwa hahukumiwi. Mimi nasema, kwa heshima zote, sikubaliani nao. Nafsi ya Reiner haikugawanyika kwa kuwa hana hatia. Iligawanyika kwa kuwa anayo, na kuigawa kulikuwa hila ya moyo ya kutafuta mahali pa kukaa ambapo hatia haikai. Lau angalikuwa hana hatia asingelihitaji nafsi ya pili. Ugonjwa wake ni wa kweli, na wastahili huruma, lakini huruma haimfufui Marco.

Nadharia ya pili ndiyo hasa iliyonileta mbele ya kipaza sauti hiki, maana inaigusa ardhi yetu hii ya Singida. Inasema hivi: Reiner alikuwa mtoto. Alichukuliwa mdogo, akafundishwa chuki kama wengine wafundishwavyo kusoma, akageuzwa silaha kabla hajajua maana ya damu. Hatia basi ni ya Marley, ni ya aliyemtengeneza. Jembe likivuka mpaka na kulima shamba la jirani, ni nani anayelishtaki jembe?

Wazee wa Unyaturu, ninyi mliokuwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1940, naamini mmekwisha kukumbuka ninachotaka kukisema. Katika mwaka 1946 na 1947, nchi hii ilipokuwa ikiitwa Tanganyika na kutawaliwa na Waingereza, watu katika wilaya ya Singida waliuawa mmoja baada ya mmoja, maiti zikaonekana zimeraruliwa kama kwa makucha, na khofu ikatanda. Wako walioshikilia ya kuwa ni simba wa mwituni. Lakini neno lililotembea kutoka nyumba hata nyumba, likafika mpaka mabomani na mahakamani, lilikuwa jingine: watu-simba. Ilisemwa kwamba wako watu waliokuwa wakimchukua mtoto, aghalabu mtoto mpungufu wa akili au asiye na wa kumtetea, wakamficha gizani, wakamlea katika unyama hata akasahau desturi ya binadamu, kisha wakamvika ngozi ya simba na makucha, wakamkodisha kwa mtu mwenye kisasi. Serikali ilikamata watu, kesi zikasikilizwa, na wako waliohukumiwa. Mwingereza A. W. Wyatt aliziandika habari hizo mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi na Wanyaturu akizichunguza desturi zao, akaandika katika jarida hilo hilo makala ya kuipima kadhia hiyo upya.

Mnaona, vijana wangu? Miaka mingi kabla Isayama hajazaliwa, babu na bibi zenu hapa Singida walikuwa na hadithi ya mtu aliyegeuzwa jitu na watu wengine kwa manufaa yao; na babu na bibi zenu nao walikuwa na nadharia, wakibishana usiku kwa sauti ya chini kama mnavyobishana ninyi mchana kwa sauti ya juu. Ni simba au ni mtu? Na kama ni mtu, hatia ni ya aliyerarua au ya aliyemfungua kamba? Nani anyongwe: mwenye makucha, mwenye ngozi, au mwenye fedha aliyekwenda kukodi?

Na hapa nataka kusema neno pembeni, nalo ni neno zito. Nadharia ya kwenye banda la video haimdhuru mtu. Ukikosea kumdhania Reiner, Reiner hatakufa, maana ni wino na rangi. Lakini nadharia ya kijijini hudhuru. Mara baraza likianza kuuliza ni nani mwenye kumficha simba, macho hugeuka kumtazama mjane anayekaa peke yake, mzee asiyependa kuzungumza, mama mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Na nchi yetu imewazika akina mama wengi waliouawa kwa dhana tupu, hasa katika mikoa iliyo kaskazini mwetu, Shinyanga na Mwanza. Kwa hiyo kijana anayejifunza katika hadithi kudai ushahidi kabla ya kutamka kuwa fulani ana hatia, na kuibadili nadharia yake ushahidi unapombadilikia, huyo anajifunza jambo ambalo lingeliokoa roho za watu. Namwambia babu yake asimnyang'anye simu kwa hasira.

Narudi katika njia. Tulikuwa tunauliza: hatia ni ya jembe au ya mkulima? Nakubaliana na nadharia ya pili kwa sehemu kubwa. Nakubali kwamba aliyemtengeneza jitu ana hatia kubwa kuliko jitu, na kwamba ulimwengu una desturi mbaya ya kuukamata mkono na kumwacha mwenye mkono akaketi mezani na kula. Lakini mtu si jembe. Na anayelithibitisha hilo si mimi, ni Reiner mwenyewe.

Sikilizeni. Miaka imepita, Reiner amerejea Liberio, Eren naye amevuka bahari kwa siri, akamfuata, wakakutana uso kwa uso katika chumba cha chini ya ardhi, huku juu yao watu wanasherehekea. Eren anamwuliza swali moja tu: kwa nini siku ile mama yangu alikufa? Kisha Eren, yeye aliyefiwa, anampa Reiner udhuru ule ule wa nadharia ya pili: anamwambia kwamba ulikuwa mtoto, hukujua kitu, wakubwa walikujaza maneno, ungeliweza nini? Hebu fikirini, wasikilizaji wangu, mtu uliyemfisha mama yake anakuja kukufungulia mlango! Ni nani asingelitoka mbio? Reiner hakutoka. Alisema hapana. Alikiri kwamba wenzake walitaka kurudi nyumbani baada ya mmoja wao kuliwa njiani, na kwamba yeye ndiye aliyewalazimisha waendelee, kwa sababu alitaka kuwa shujaa, alitaka kuheshimiwa. Akapiga magoti, akasema kosa ni lake, akaomba auawe.

Mimi nasema kwamba katika dakika ile Reiner alikoma kuwa jitu. Hakukoma alipoacha kuua, wala alipolia, maana alikwisha kulia zamani na kilio chake hakikumfaa Marco kitu. Alikoma kuwa jitu pale alipoukataa udhuru ambao ulikuwa kweli. Marley ilimtengeneza, ni kweli. Lakini ndani ya kile kilichotengenezwa palikuwa na nafasi ndogo, upana wa uzi, ambapo aliweza kurudi nyuma asirudi, na nafasi hiyo akaidai iwe yake. Wale watoto waliosemwa kuwa walifichwa gizani hapa kwetu, kama walikuwako, huenda hawakuachiwa hata upana huo wa uzi. Nami nathubutu kusema kwamba wao hawana hatia yoyote mbele ya mwenye haki. Lakini Reiner aliachiwa, na alijua.

Sasa nadharia ya tatu. Hii nitaipita haraka, kwa sababu inanitia uchungu. Inasema kwamba mauti hulipa yote: aliyeua, akifa, amefuta. Mashabiki wengi hulitumia neno hilo kumtetea Eren, ambaye mwishoni aliyaamsha majitu yaliyofichwa ndani ya kuta zile, yakatembea juu ya dunia, yakawakanyaga watu wanane katika kila kumi. Kisha akakubali kuuawa na rafiki zake, ili dunia iliyosalia iwaone wao kuwa mashujaa. Nadharia yao ni kwamba alijitoa mhanga. Hapana, vijana wangu. Waliokanyagwa hawakuulizwa, na kufa kwake hakukumrudishia mtoto hata mmoja mama yake, yeye ambaye alianza safari yote kwa kumlilia mama. Mapenzi aliyokuwa nayo kwa rafiki zake ni ya kweli. Lakini mtu hawi na haki ya kuwanunulia wapenzi wake amani kwa roho za watu wengine.

Na Reiner pia aliifikiria njia hiyo ya mauti. Akiwa peke yake chumbani alitia mtutu wa bunduki kinywani. Kilichomzuia ni ngumi ya mtoto nje, mtoto aitwaye Falco, aliyekuwa akipiga ukuta kwa uchungu wa mambo yake mwenyewe. Kishindo kile kilimkumbusha kwamba wako watoto wengine wanaoingizwa katika njia ile ile aliyopita yeye, na kwamba akifa hatakuwapo wa kusimama nao. Na wewe unayenisikiliza usiku huu, kama moyo wako umelemewa na jambo ulilolitenda hata ukaifikiria njia hiyo, nakusihi kwa mapenzi ya kweli: usikae peke yako, mwendee mtu leo hii, jamaa, sheikh, padre, daktari, jirani, umwambie kwa kinywa chako.

Tumefika sasa katika sehemu ya mwisho ya swali letu: ni nani mwenye mamlaka ya kumfungulia mwenye hatia? Niruhusuni nichukue kitabu cha kwetu.

Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa hikaya yake ya Adili na Nduguze. Waliosoma zamani watakumbuka. Adili, liwali wa Janibu, alionekana kila usiku akiwapiga manyani wawili kwa kiboko, kisha huwakumbatia, huwafuta machozi na kuwalisha, naye mwenyewe akilia. Mfalme Rai akastaajabu, akataka kujua siri. Kumbe manyani wale ni nduguze wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa husuda. Na Huria, binti wa mfalme wa majini, aliwageuza manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku, ama sivyo atapigwa yeye. Angalieni ujuzi wa mzee wetu: mdhulumiwa ndiye aliyepewa kiboko, na kiboko kikamwumiza yeye kuliko wanaopigwa. Hakuna usiku hata mmoja ambao kipigo kile kilimrudishia Adili alichokipoteza.

Sasa, hadithi hiyo ina asili katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake, waliogeuzwa mbwa. Na katika kisa kile cha Kiarabu, ndugu wale wakisha kusamehewa na kurudishiwa utu wao, hujaribu tena kumwua ndugu yao, nao wakauawa kwa hukumu ya khalifa. Shaaban Robert alikuwa na khatima hiyo mbele yake, akaikataa. Kwake yeye Mfalme Rai aliandika waraka kwa mfalme wa majini kuwaombea, ombi likakubaliwa, manyani wakawa watu, na toba yao ikawa toba ya kweli. Wako wasemao kwamba alifanya hivyo kwa kupenda kuonya na kufundisha kupita kiasi. Mimi naona alifanya jambo gumu zaidi: kumwangusha mtenda dhambi mara ya pili ni rahisi kwa mwandishi, ilhali kumfanya asimame, msomaji akasadiki, kwahitaji imani kubwa kwa wanadamu.

Isayama hana mfalme wa kuandika waraka. Katika ulimwengu wake kila dola imechafuka. Basi anayeombea ni nani? Ni baba mmoja mwindaji, mzee Blouse, ambaye binti yake Sasha alipigwa risasi na mtoto wa Marley aitwaye Gabi. Gabi anapokamatwa, mpishi aliyempenda Sasha anamletea mzee kisu, ili alipize. Mzee anakipokea kisu, na moyo wa mtazamaji unasimama. Kumbe amekipokea ili kukiondoa. Anasema, kwa maneno ambayo sitayanukuu bali nitawapa maana yake, kwamba alimlea binti yake kuwinda mwituni, akamtoa mwituni kwa kuwa aliona kuishi hivyo hakufai tena, kumbe dunia nzima ni mwitu mkubwa zaidi. Na kwamba ni wajibu wa watu wazima kuibeba dhambi na chuki ya zamani, wawatoe watoto humo. Hakusema kwamba Gabi hana hatia. Alisema kwamba deni hilo hataliandika kwa jina la mtoto.

Lakini si kila aliyefiwa atakuwa mzee Blouse, wala hatupaswi kumdai awe hivyo. Na hapo nakuja kwenye nadharia ya mwisho, ambayo nimeisikia ikibishaniwa kwa ghadhabu kuliko zote: je, Jean alimsamehe Reiner?

Jean alikuwa rafiki wa Marco. Yeye ndiye aliyeiona maiti yake. Miaka baadaye, usiku, kando ya moto, maadui wa jana wamelazimika kuketi pamoja ili wamzuie Eren asiimalize dunia. Hapo Reiner anasimulia yote yaliyompata Marco, naye hakubakiza kitu. Jean akajizuia, akajizuia, mwishowe akamrukia akampiga ngumi juu ya ngumi, hata Gabi alipojitupa kumkinga Reiner, teke la Jean likampata yeye. Gabi akainama akiomba msaada wao, akiungama kwamba wao ndio waliokosa. Jean akaondoka akaingia gizani. Kulipokucha alirudi, akawaamsha waliolala, akawaambia waondoke, kazi inawangoja.

Wako vijana wanaoshikilia kwamba kurudi kule ndiko msamaha. Wengine husema hapana, alirudi kwa ajili ya dunia, si kwa ajili ya Reiner. Nami, baada ya kulipima jambo hili kwa muda mrefu, nasimama na hawa wa pili. Jean hakusamehe asubuhi ile, na hakuwa na wajibu wa kusamehe. Na Reiner hakudai asamehewe. Aliendelea tu kufanya kazi, akavunjika mifupa akiifanya, akaishi baada yake, na miaka mitatu baadaye twamwona ndani ya meli pamoja na Jean huyo huyo, wajumbe wa amani, wakielekea kisiwani, kwa watu ambao lango lao alilivunja akiwa mtoto, na ambao wana haki yote ya kumpokea kwa bunduki.

Wakati wetu umekwisha, wasikilizaji wangu. Juma lijalo, saa kama hii, Mungu akitujalia uhai, nitawasomea majibu yenu juu ya swali la Jean, na ningefurahi kupita kiasi kama mzee mmoja wa Ilongero au wa Ikungi, aliyezisikia habari za watu-simba kwa masikio yake, ataketi na mjukuu wake wakaniandikia pamoja. Alamsiki.